Maganda Ishirini ya Shaba

Wiki ya pili baada ya kujifungua, muuguzi aliyekuja nyumbani kunitazama aliniachia tyubu ndogo ya krimu ya kupaka kwenye chuchu, maana mwanangu alikuwa ananyonya kwa hasira kama mtu anayedai haki yake. Nilifungua kifuniko, nikaipeleka puani bila kufikiri, na hapohapo machozi yakaanza kunitiririka. Mama, aliyekuja kukaa nami arobaini yangu, alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji wa pilipili manga. Akauliza ninaumwa wapi. Nikampa ile tyubu. Naye akanusa, akakaa kitandani pembeni yangu, uji ukapoa mkononi mwake.

"Mafuta ya maganda," alisema.

"Ndiyo hayohayo."

Ilikuwa lanolini, mafuta yanayotolewa kwenye manyoya ya kondoo. Wengine huyafahamu wakishazaa. Mimi niliyafahamu tangu nina miaka minane, kwenye chumba cha chini cha nyumba yetu ya Pickering, mashariki ya Toronto, ambako baba yangu aliyachanganya na spiriti na kuyapaka kwenye maganda ya risasi. Baba ana miaka mitatu tangu atutoke. Nilidhani kilio changu nimeshakimaliza chote, kumbe kingine kilikuwa kinanisubiri kwenye duka la dawa.

Nieleze vizuri, maana najua hili halikuwa jambo la kila nyumba ya Watanzania. Watoto wenzangu wa kanisani baba zao walikuwa na vinanda, au magari yasiyowaka yaliyofunikwa turubai, au ubishi wa siasa za nyumbani kila Jumapili. Baba yangu alikuwa na mashine ya mkono iliyofungwa kwa boliti kwenye meza nzito, kando ya mashine ya kukaushia nguo. Tabora alikuwa fundi mitambo kwenye karakana ya reli, mtu wa kupima chuma kwa unywele. Huku alisimamia mtambo wa kufyatua vipande vya plastiki vya magari, Scarborough, na kazi yake yote ilikuwa kubonyeza kitufe cha kijani na kutoa vilivyoharibika. Hakuna hata mmoja kule aliyemwita fundi.

Aliyemwita fundi alikuwa Babu Amirali. Huyu hakuwa babu yangu wa damu. Alikuwa Mhindi mzaliwa wa Tabora, wa madhehebu ya Ismailia, aliyeondoka Tanzania akiwa kijana na sasa alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi upande wa Unionville. Walikutana kwenye nyama choma ya Watanzania, kwenye bustani moja ya mjini, wakati wa kiangazi, pale Babu Amirali alipopita katikati ya watu akiuliza kwa sauti, "Nani hapa wa Tabora? Wa Tabora hasa, siyo wa kupita na treni." Baba akanyoosha mkono. Tangu siku ile hawakuachana. Kiswahili cha Babu Amirali kilikuwa cha sokoni, cha zamani na kitamu, na nadhani Baba alimpenda kwanza kwa hicho.

Babu Amirali alikuwa na bunduki ya kuwindia, aina ya magnum, ambayo maganda yake ya risasi yana mkanda mnene wa shaba kuzunguka kitako. Kila Oktoba, wakipata kibali, yeye na Baba waliendesha siku nzima kwenda kaskazini kumtafuta yule mnyama mkubwa kuliko farasi, mwenye pembe pana kama masinia. Baba alimwita pofu wa theluji, kwa kuwa pofu ndiye swala mkubwa kuliko wote aliyemjua kwao. Bunduki ilikaa kwetu, ndani ya kabati la chuma, ufunguo ukining'inia shingoni mwa Baba pamoja na medali yake ya Bikira Maria. Sikuwahi kuigusa wala kukaribia baruti. Sehemu yangu ilikuwa maganda matupu.

Ganda likishapigwa hutanuka na kujaa nafasi yote lililolalia ndani ya bunduki. Ili litumike tena lazima lirudishwe umbo, na hiyo ndiyo kazi ya ile mashine: unavuta mpini, ganda linasukumwa juu ndani ya kalibu ya chuma, linabanwa, linatoka limenyooka. Lisipopakwa mafuta linanasa humo na halitoki ng'o. Likipakwa mengi, mafuta yanabonyeza bega lake, pale linapoanza kuwa jembamba, na kuacha kishimo. Kwa hiyo kupaka kulikuwa kazi yenyewe, na kazi hiyo ilikuwa yangu. Nililiviringisha kila ganda kwenye viganja mpaka ling'ae, harufu ya kondoo ikichanganyika na ya sabuni ya kufulia iliyotoka kwenye mashine ya pembeni.

"Kidogo tu, mama," Baba alikuwa akisema. Alituita mama sote wawili, mimi na mama yangu, na kila mmoja wetu alijua ni nani ameitwa. "Kama unampaka mtoto mchanga usoni."

Yalikuwa maganda ishirini. Watu wengine hupiga ganda la namna ile mara tatu au nne, likaanza kupasuka, wakalitupa. Ya Baba yalikuwa yamepigwa mara tisa na bado mazima. Aliyajua moja moja. Aliandika kila kitu kwenye daftari la jalada jeusi, kwa Kiswahili, kwa ule mwandiko wake uliolala, nami sikuweza kusoma hata mstari. Nilikuwa nakielewa Kiswahili kikisemwa, najibu kwa Kiingereza kama watoto wote wa huku, lakini kikiandikwa kilikuwa vijiti tu. Maganda yaliyokwisha kupanguswa yaliwekwa kwenye mifuko ya plastiki ya maziwa, ile ambayo maziwa ya huku huuzwa ndani yake na ambayo Mama hakuwahi kutupa hata mmoja. Aliiosha na kuianika kwenye bomba la jikoni kama chupi.

Na shabaha ilikuwepo. Mara moja kwa mwaka walikwenda uwanjani kujaribu, Baba akarudi na karatasi yenye matundu matatu yaliyogusana, unaweza kuyafunika yote kwa sarafu ya dola moja. Aliibandika kwenye mlango wa friji, pale mama za wenzangu walipobandika michoro ya watoto. Michoro yangu ilikuwa pembeni.

Sasa nifike kwenye mwaka wenyewe. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na nilikuwa msomaji wa nyumba. Barua za benki, za shule, za kampuni ya gesi, zote zilipita kwangu kwanza. Mama alikuwa akijifunza Kiingereza usiku kwenye maktaba, na Baba alikuwa nacho cha kiwandani, kifupi, cha vitufe. Nilipiga simu za ofisini nikajifanya mimi ndiye Mama. Kazi hii ilinipa kiburi ambacho sikukijua kuwa ni kiburi. Nilidhani ni huruma.

Wiki chache kabla ya kuwinda, Baba alikuja shuleni kwenye mkutano wa wazazi. Mwalimu wangu, mama mwema kabisa, alimpandishia sauti na kutenganisha maneno kama anazungumza na kiziwi. Baba akatikisa kichwa, "Yes. Yes. Thank you." Kwenye gari aliniuliza, "Hasa amesemaje?" Nikamwambia amesema nafanya vizuri. Alikuwa amesema naongea mno darasani. Lakini kilichobaki moyoni hakikuwa uongo wangu. Ni ile sauti ya mwalimu, na Baba akitabasamu ndani yake. Niliapa kwamba hakuna mtu atakayemwona tena mjinga mbele yangu.

Mwaka huo Babu Amirali alikuwa anaumwa moyo. Alikuwa amekosa kibali miaka minne mfululizo, maana vibali hutolewa kwa bahati nasibu, na sasa alikipata, na daktari naye akamtajia siku ya upasuaji. Alikaa mezani kwetu akapasua mandazi ya Mama katikati na kusema safari iende wiki moja mapema.

"Hii ya mwisho, bwana fundi. Nataka nimpige mimi mwenyewe, nimchinje mimi mwenyewe, bismillahi, halafu nilishe watu pilau mpaka waseme basi. Baada ya hapo huyo daktari afanye anavyotaka."

"Utampata, mzee," Baba alisema. "Risasi niachie mimi."

Tatizo ni kwamba kiwanda kilimwita Baba kazini Jumamosi ya mwisho kabla ya safari. Akaniamsha asubuhi, tukashuka chini. Alikuwa amekwisha funga kalibu kwenye mashine, ameikaza kwa nati, na amechora mstari wa penseli kutoka kwenye kalibu mpaka kwenye mashine.

"Paka mafuta kama siku zote. Vuta mpini mpaka mwisho, rudisha, toa. Yote ishirini, halafu yapanguse. Kalibu usiiguse."

"Okay, Dad."

"Sema ndiyo, Baba."

"Ndiyo, Baba, okay."

Akacheka, akaondoka na chakula chake cha mchana. Nilijiona mtu mkubwa sana. Nikapaka ganda la kwanza, nikaliweka, nikavuta mpini, na ndipo nilipoona. Mpini ulikuwa umefika mwisho, lakini kati ya kalibu na kikombe kinachoshika ganda kulikuwa na upenyo. Mwanga wa taa ulipita, kiasi cha kuingia karatasi mbili tatu. Nikaangalia kwenye boksi la kalibu. Mlikuwa na karatasi ya maelekezo, Kiingereza, herufi ndogondogo. Niliisoma mara mbili kwa sauti, kama nilivyosoma barua za benki. Ilisema wazi: teremsha kalibu mpaka iguse kikombe, kisha izungushe kidogo tena.

Nikaelewa hapohapo, kwa uhakika wa mtoto. Baba hakuielewa karatasi. Miaka yote hii alikuwa anakosea, na hakuna aliyethubutu kumwambia, na safari hii akikosea Babu Amirali hatakula pilau lake. Haikunijia hata kidogo kwamba mtu anaweza kusoma jambo, akalielewa, akaamua kwa akili yake kufanya vingine.

Nilichukua spana. Nililegeza nati, nikateremsha kalibu mpaka ikagonga, nikaizungusha kidogo tena, nikakaza. Mpini sasa ulikuwa mzito mwishoni na ulimalizia kwa kishindo ambacho nilikipenda. Ganda moja baada ya jingine, yote ishirini. Nilipomaliza niliirudisha kalibu juu mpaka mistari ya penseli ikakutana, nikakaza nati kwa nguvu zangu zote, nikakunja karatasi na kuirudisha kwenye boksi. Sikutaka ajue kwamba nimemsahihisha. Nilitaka tu mwaka huu atoke vizuri bila kujua kwa nini. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilifanya kwa adabu.

Baba aliporudi alitoa bunduki, akachukua maganda matatu matupu kuyajaribu, kama desturi yake. Siku zote komeo la bunduki, lile linalofungia ganda ndani, lilikuwa na ugumu kidogo mwishoni, kama mlango uliokaa sawasawa kwenye fremu, naye akitikisa kichwa kuridhika. Safari hii likafunga bila ugumu wowote. Akasita. Akafungua, akafunga tena.

"Mbona laini hivi leo?"

"Because I did a good job," nilisema.

Alinitazama. Alikuwa amesimama kwa saa kumi nzima mbele ya kile kitufe cha kijani, macho mekundu, na bado kulikuwa na vifurushi vya safari vya kufunga. Uso wake ukachanuka polepole.

"Haya, fundi," akasema.

Fundi. Neno ambalo hakuna aliyempa yeye ila mtu mmoja, akanipa mimi. Nilipanda ngazi nikiwa sigusi chini. Yeye akafunga mlango wa kile chumba na kujaza risasi zake peke yake.

Walirudi baada ya siku sita. Gari liliingia mchana, na kabla hawajashuka nilishajua, maana hapakuwa na kitu kilichofunikwa nyuma. Babu Amirali aliingia amevaa kofia ya rangi ya machungwa, akatandaza miguu chini ya meza yetu, akaomba chai. Nikamwamkia, "Shikamoo, Babu," akaitika, akaanza kusimulia. Alisimulia kwa kucheka, na kucheka kwenyewe kulikuwa kumechoka.

"Alitoka asubuhi, mama, siku ya nne. Karibu kama hiyo friji. Fundi wewe shahidi. Nikapiga. Risasi ikachapa tawi, mimi bahati yangu ndiyo hiyo. Haya, yeye hakimbii, amesimama ananitazama, anatafuna. Nikavuta komeo nipige ya pili." Akanyanyua vidole viwili, akavitenganisha. "Kinatoka kitako tu. Nusu ganda. Nusu ya mbele imebaki ndani ya bunduki. Nasukuma ya pili, haiingii. Nasukuma, haiingii. Yule bwana akatafuna, akamaliza, akaenda zake polepole kama mwenye nyumba."

Mama akasema pole. Mimi nilikuwa kwenye sinki, mikono ndani ya maji.

"Kosa langu, mzee," Baba alisema. "Nati ya kalibu ililegea. Kalibu ikashuka, maganda yakabanwa kupita kiasi. Sikuangalia."

"Wewe? Fundi mzima wa reli, nati ikushinde?"

"Imenishinda."

"Umezeeka, bwana. Tumezeeka wote." Babu Amirali akamgonga begani. Baba hakunitazama hata mara moja. Nami nilijua kwamba nati haikulegea, kwa sababu niliikaza mimi.

Jumapili Mama alikwenda kanisani na kwaya yake, Baba akaniita chini. Nilishuka nikihesabu ngazi. Maganda yalikuwa yamepangwa mezani, kumi na tisa, baadhi yamepigwa kambini kujaribu shabaha na mengine yametolewa risasi na baruti, na kile kitako kilichokatika kimewekwa mwishoni peke yake. Alikuwa amenyoosha kibanio cha karatasi na kukikunja ncha kikawa kama kindoano.

"Shika. Kiingize mpaka chini, halafu kipandishe polepole kikigusa ukuta wa ndani."

Nikakiingiza. Ukuta ulikuwa laini, kisha, juu kidogo tu ya mkanda, ncha ikaangukia kwenye kitu. Kijifereji kilichozunguka ganda lote kwa ndani, mahali ambapo nje palikuwa pazima panang'aa.

"Umesikia?"

"Yeah."

"Hapo ndipo lingekatika hilo. Na hilo. Karibu yote yaliyopigwa."

Halafu akanieleza, na hii ndiyo sauti yake ninayoitamani zaidi, ya taratibu, isiyotafuta neno, sauti ambayo mwalimu wangu hakuwahi kuisikia. Alisema kiwandani wanatengeneza ganda liingie kwenye bunduki yoyote duniani, kwa hiyo wanalifanya fupi kidogo, na karatasi yao nayo inafundisha hivyo. Ule mkanda wa kitakoni ndio unaolishika lisizame. Lakini likishapigwa mara moja ndani ya bunduki hii, limenyooka likaifuata hii. Linaijua.

"Sasa ukilirudisha mpaka lilivyotoka kiwandani, likipigwa linanyooka tena. Ukilirudisha, linanyooka. Na linanyooka palepale, juu ya mkanda, panakonda, panakonda, mwisho panakatika. Kwa hiyo unalisukuma kiasi cha komeo kufunga tu. Bega lirudi unywele mmoja. Bega ndilo lilishike, siyo mkanda. Hapo litakutumikia miaka, na litapiga pale unapotazama."

Nilikuwa nimekiinamia kile kindoano. Neno lilikuwa mdomoni mwangu, tayari kabisa, lilikuwa neno moja tu. Ni mimi. Nilingoja aniulize. Sikujua kwamba yeye labda anangoja niseme. Tulikaa hivyo, mashine ya kukaushia ikizunguka na zipu ya suruali ya mtu ikigonga ndani yake.

Mwisho akachukua koleo, akaanza kuyaponda maganda moja moja ili mtu asije akayaokota na kuyatumia. Nilimshikia mfuko wa maziwa wazi. Yaliingia yakilia kama vijiko. Moja alilikata kwa msumeno katikati, urefu wote, akaliweka rafuni.

Babu Amirali alifanyiwa upasuaji, akatoka, akakaa nyumbani mwezi mmoja, na theluji ilipokuwa nyingi kabisa akafariki. Watoto wake waliiuza bunduki. Kwenye mazishi niliwaona watu wanakula pilau, nami nikaisukuma sahani yangu pembeni. Nilikuwa nimeamini kwamba mimi ndiye niliyemnyima la mwisho. Sikuacha kuamini hivyo nilipokua, niliacha tu kulifikiria kila siku. Na sikushuka tena kile chumba, ila kufua. Baba hakunilazimisha. Mashine ikapata vumbi, kisha ikafunikwa kwa shuka, kisha shuka likawekewa masanduku.

Kiswahili hiki ninachoandikia nilikitafuta baadaye, chuoni, kwa aibu, mtu mzima nakaa mbele ya mwalimu nikitamka silabi. Baba alifurahi kupita kiasi. Alinitumia ujumbe mrefu wa simu na kunitaka nisahihishe. Ndipo akaugua. Siku moja hospitalini, mkono wake ukiwa ndani ya wangu na ngozi yake imekauka, nilikuwa nampaka losheni, aliniuliza bila kufungua macho:

"Unayakumbuka yale maganda?"

Miaka yote nilikuwa nimelingoja swali hilo. Nikasema, "Maganda gani, Baba?"

Alifungua macho, akaniangalia muda. Akatabasamu. "Basi. Si kitu." Tukazungumza habari nyingine. Alikuwa amenifungulia mlango nami nikaufunga kwa sauti ya upole kabisa, na kwa Kiswahili safi.

Hayo yote nilimweleza Mama siku ile ya krimu, mwanangu akiwa amelala katikati yetu. Kesho yake alikwenda Pickering kuchukua nguo zake nyingine, akarudi na boksi la viatu. Ndani mlikuwa na ganda lililokatwa urefu, mfuko wa maziwa uliofungwa kwa mpira, na daftari jeusi.

"Lilikuwa chini ya mashine," alisema. "Mimi mambo ya vyuma vyake siyaelewi. Soma wewe."

Mistari ile iliyokuwa vijiti sasa ilikuwa maneno. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tisa. Nikafungua ukurasa wa mwisho ulioandikwa, wenye tarehe ya siku ile waliyorudi. Nilidhani nitakuta hakujua, au nitakuta alijua akanifichia. Nilijiandaa kwa yote mawili.

"Maganda 20 yamerudishwa mpaka chini. Binti amefuata karatasi neno kwa neno. Kazi safi, hakuna lililokwaruzwa wala lililobonyea. Nilimwambia asiguse, sikumwambia kwa nini. Komeo lilinionya, nikalipuuza kwa furaha. Kosa langu. Akiwa tayari tuanze upya, mwanzo mpaka mwisho, na maganda mapya."

Kwa hiyo pale mezani, aliposema kosa langu, hakuwa ananisitiri tu. Habari ya nati ilikuwa uongo, lakini kosa alilihesabu lake kweli, na wakati mimi nahesabu ngazi kwenda kuhukumiwa, yeye alikuwa amekwisha andika kwamba kazi yangu ilikuwa safi.

Nilifungua ule mfuko wa maziwa. Yalikuwa maganda mapya ya shaba, yana mkanda, yamefifia kidogo kwa kukaa, lakini hayajawahi kuingia kwenye bunduki yoyote. Niliyapanga kwenye blanketi la mtoto moja moja. Alikuwa ameyanunua, akayaweka, akangoja niwe tayari, na mimi nilikuwa ghorofani nafanya kazi za shule.

Mtoto akaamka analia. Nilijipaka krimu, na iliyobaki kidoleni nikaipaka kwenye ganda moja, kidogo tu, nikaliviringisha kwenye kiganja mpaka likang'aa. Halafu nikamweka mwanangu kwenye ziwa, nikainama kichwani kwake, ambako na yeye sasa alinuka kondoo.

"Nayakumbuka, Baba," nilisema. "Yote ishirini. Ni mimi."